Dhahabu tupu, safi au halisi?

*Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alituachia sarafu moja ya dhahabu aliyorudi nayo kutoka Afrika Kusini. Sasa tunaandika orodha ya mirathi. Mimi nimeandika "sarafu ya dhahabu tupu". Mjomba amekataa, anasema "tupu" ni neno la aibu, niandike "safi". Kaka anataka "halisi". Tumfuate nani? Picha ya sarafu nimeiambatisha. Msomaji wako, Mbagala.*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Picha yako imenisaidia. Upande mmoja kuna kichwa cha Paul Kruger, aliyekuwa rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal, na ndevu zake, upande wa pili kuna swala, kwa hiyo hiyo ni Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini. Jibu langu lote linategemea hapo.

Nianze na mjomba, maana ana sababu. "Tupu" likiwa nomino ni sehemu za siri, na "utupu" ni uchi. Lakini wewe umelitumia kama kivumishi, na kivumishi hiki kina maana mbili. Ukikiweka kwenye chombo, kinasema ndani hamna kitu: debe tupu, ndoo tupu, mikono mitupu. Ukikiweka kwenye kitu chenyewe, kinasema kitu hicho kiko peke yake, hakikuchanganywa na kingine: asali tupu, uongo mtupu, wali mtupu. Aliyepewa wali mtupu sahani yake imejaa, alichokosa ni mchuzi. Kwa hiyo dhahabu tupu ni dhahabu isiyo na shaba wala fedha ndani yake, na hakuna aibu yoyote hapo. Angalia tu mahali unapoliweka. Ukiandika "sarafu tupu ya dhahabu", mtu ataelewa kwamba mmebakiwa na sarafu peke yake, labda mkufu umepotea.

"Halisi" la kaka linajibu swali jingine: je, ni ya kweli au ya bandia? Na "safi" limetumika mno hata limelegea. Dhahabu iliyotoka kwenye mtambo wa kusafishia, kama ule uliozinduliwa Mwanza mwaka 2021, tunaiita safi, na mkufu wa karati 18 (yaani sehemu 18 za dhahabu katika 24) uliofuliwa vizuri nao tunausifu kuwa dhahabu safi. Kwenye hati ya mirathi neno la namna hiyo linaleta ugomvi.

Sasa sarafu yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa dukani kwa sonara mmoja mzee, hapa katikati ya jiji, akaniwekea sarafu mbili juu ya kitambaa cheusi. Moja ilikuwa Krugerrand, nyingine ya Kanada yenye jani la mti wa mepo (kwa Kiingereza, maple). Ya Kanada ilikuwa na umanjano mzito kama kiini cha yai la kienyeji. Krugerrand ilielekea wekundu. "Hiyo nyekundu ina shaba, mwalimu," akasema, kisha akazipima. Ya Kanada gramu 31.1. Krugerrand gramu 33.9. Nyekundu ndiyo nzito, lakini dhahabu iliyomo ndani ya zote mbili ni ile ile: wakia moja. (Hii ni wakia ya masonara, gramu 31.1, inayoizidi kidogo ile ya kupimia vitu vingine, gramu 28.35.)

Afrika Kusini ilianza kutengeneza Krugerrand mwaka 1967 ili mtu wa kawaida aweze kununua dhahabu na kuiweka nyumbani. Walichagua karati 22 kwa sababu dhahabu tupu ni laini, inakwaruzika na kubonyea upesi, na shaba huikaza. Haikuandikwa thamani ya fedha popote. Bei yake hufuata bei ya dhahabu ya siku hiyo, na nadhani hicho ndicho kilichowavutia watu: sarafu ikishathibitishwa kuwa ya kweli, huhitaji kumwamini mfanyabiashara kuhusu thamani yake, unahitaji mizani na bei ya siku tu. Kanada ikaja mwaka 1979 na sarafu isiyo na shaba, na tangu 1982 usafi wake ni sehemu 9,999 katika 10,000. Wakati huo huo wengi duniani walianza kuikataa Krugerrand kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Marekani ilipiga marufuku kuiingiza nchini mwaka 1985, na mwaka uliofuata ikatoa sarafu yake ya tai, nayo ya karati 22.

Sarafu za aina hii napenda kuziita "sarafu za akiba", ili tuzitenge na za kumbukumbu, kama ile ya shilingi 1,500 yenye duma, iliyotolewa kwa jina la Tanzania mwaka 1974. Sarafu ya kumbukumbu hununuliwa pia kwa picha na uchache wake. Ya akiba hununuliwa kwa uzito wa dhahabu yake.

Kwa hiyo, mwanangu, sarafu ya baba ni halisi, ikiwa sonara ataithibitisha, lakini si ya dhahabu tupu. Ina karibu gramu 2.8 za shaba. Hata hivyo dhahabu tupu imo ndani yake, na hapa "-enye" litakusaidia pale ambapo "ya" lingekupotosha. Andika hivi: "Sarafu moja ya akiba aina ya Krugerrand, ya dhahabu ya karati 22, yenye wakia moja ya dhahabu tupu." Ongeza mwaka uliochapwa juu yake. Msomee mjomba sentensi nzima, si neno moja, naamini hatakataa.