Maswali ya Wasomaji: Gari la Familia Lianze Kukaguliwa Siti ya Nyuma

SWALI: Mimi na mume wangu tunafanya kazi Dar es Salaam, tuna watoto watatu, na mama mkwe anaishi nasi. Kwa miaka minne tumejiwekea shilingi milioni 17. Dalali ametuonyesha Noah namba D iliyo yadi, bei yake milioni 16, na kila siku anapiga simu kwamba kuna mteja mwingine anayeisubiri. Je, tuichukue, au tuagize gari kutoka Japani? Na kwa kuwa fedha itakuwa imekwisha, tukate bima ndogo kwanza? — Mama wa watatu, Kimara

JIBU: Dada yangu, hongera kwa uvumilivu wa miaka minne, na kwa sababu najua fedha hiyo imetoka wapi, nitakujibu bila kuficha: kwa milioni 17 mlizonazo, gari la milioni 16 ni ghali mno kwenu. Si kwamba Noah haistahili bei hiyo, bali ni kwamba siku mtakayoondoka yadi mtakuwa na milioni moja tu, na katika hiyo mtatakiwa kulipia uhamisho wa umiliki TRA, ushuru wa stempu, mkataba mbele ya wakili, bima, na karibu kila mara matairi na betri. Bima kubwa, yaani ile inayofidia hata gari lenu wenyewe, kwa gari binafsi kwa kawaida hutozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha huongezwa VAT ya asilimia 18. Kwa gari la milioni 16 hiyo ni shilingi 660,800. Tafuteni gari la milioni 13 au chini ya hapo, ambalo bima yake kubwa itakuwa shilingi 536,900, na kinachobaki kiwe cha gari lenyewe.

Aina ya gari mmeichagua vizuri, kwa kuwa nyinyi ni watu sita na watu sita hawaenei kwenye gari dogo kama IST. Naliona jambo hili barabarani kila Jumapili na linaniumiza: baba na mama mbele, watu wazima wawili nyuma, mtoto mmoja amepakatwa na mwingine amesimama katikati ya siti akishika mabega ya baba yake. Breki ikikanyagwa ghafla, mtoto huyo hana kinachomzuia. Kwa hiyo nawaomba muende kulitazama gari mkiwa na bibi na watoto, na kabla hamjafungua boneti, kila mmoja akae mahali pake na afunge mkanda. Kama kuna mkanda usiofunga, au siti ya safu ya tatu imeng'olewa mikanda yake, hilo ni gari la watu watano, hata kama lina siti nane.

Mkiwa hapo nyuma, uvuteni mkanda taratibu mpaka mwisho wake, kwa maana sehemu ya mwisho ndiyo ambayo muuzaji hukosa kuisafisha. Ukitoka na mstari wa tope kavu au na harufu ya uvundo, kuna uwezekano mkubwa gari hilo liliwahi kuzama kwenye maji, na umeme wake unaweza kuwasumbua miaka yote hata rangi ikiwa inang'aa. Mikanda mingi ya magari ya Kijapani ina kitambaa kidogo kilichoshonwa karibu na chini, chenye mwaka wa kutengenezwa. Mwaka huo ukiwa mbele sana ya mwaka wa gari, ulizeni kwa nini mkanda ulibadilishwa, kwani mara nyingi jibu ni ajali. Kisha tazameni ubavuni mwa matairi, kwenye tarakimu nne zinazokaa ndani ya umbo kama yai: 2315, kwa mfano, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2015. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata, yaani mistari ya kukamata barabara, nzuri kabisa na bado likapasuka kwenye joto la barabara ya Morogoro, kwa sababu mpira umezeeka.

Kuhusu injini, fahamuni kwamba Noah nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina injini ya cc 2000 ya aina ya D4, ambayo mafundi wengi wa hapa hawaipendi kwa jinsi inavyodai mafuta safi na fundi anayeijua. Gari jingine la safu tatu ni Sienta. Ile ya toleo la kwanza, ya cc 1500, hutumia injini ya 1NZ, ileile ya IST ya cc 1500, ambayo spea zake zinapatikana kila kona. Ila safu yake ya tatu inawafaa watoto, na bibi atakaa vizuri zaidi katika safu ya pili. Mimi ningeanza na Sienta. Lolote mtakalochagua, nendeni na fundi wenu, wala si fundi wa dalali, na mwende asubuhi injini ikiwa haijawashwa, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hamjafika huficha milio na moshi wa kuanzia.

Karatasi nazo zina uzito wake. Namba ya chesesi iliyogongwa kwenye bodi ilingane na ile ya kadi ya gari, na jina la kwenye kadi liwe la mtu anayewauzia au aliyempa idhini ya maandishi. Faini za trafiki na madeni ya maegesho huandamana na namba ya gari, kwa hiyo yakaguliwe kwenye mifumo ya serikali kabla ya kulipa. Fedha ipitie benki.

Kuagiza Japani ni njia nzuri kwa mwenye subira, lakini kwa bajeti yenu gari la safu tatu litakuwa limepita miaka 10 tangu kutengenezwa, na magari yaliyozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, ambao hupanda tena yakipita 10. Ingizeni gari mnalolitaka kwenye kikokotoo cha kodi kilichopo kwenye tovuti ya TRA, mjumlishe gharama za bandari na za wakala wa forodha, ndipo mlinganishe na bei ya yadi. Wengi hulinganisha bei ya kule Japani na bei ya hapa, kisha gari linakwama bandarini huku gharama za kulihifadhi zikiongezeka.

Sasa bima. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ndiyo inayolazimishwa na sheria, na kwa gari binafsi watu wengi hulipa shilingi 118,000 kwa mwaka. Hiyo humfidia mtu mliyemgonga au mliyemharibia mali. Gari lenu likiharibika, likiungua au likiibwa, hamtapata hata shilingi. Katikati ipo bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, ambayo watu wachache huiulizia ingawa humsaidia sana mwenye gari la umri mkubwa. Kwa familia iliyoweka akiba yake yote ya miaka minne kwenye gari moja, ninasimama upande wa bima kubwa, angalau kwa miaka miwili ya kwanza mpaka mtakapojenga akiba nyingine.

Mkiikata, msipunguze thamani ya gari ili mlipe kidogo. Mimi niliwahi kufanya hivyo: gari la milioni 16 niliandikisha kuwa la milioni 8. Lilipogongwa na matengenezo kufika milioni 4, kampuni ilinilipa nusu, kwa hoja kwamba nilikuwa nimekatia bima nusu ya gari, na mkataba niliotia saini bila kuusoma ulisema hivyohivyo. Kutoka kwenye nusu hiyo wakakata pia kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe katika kila dai. Ulizeni kiasi hicho ni kipi kabla hamjalipa, na mkishapewa stika ihakikini kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari, siku hiyohiyo, mkiwa bado mbele ya wakala.

SWALI: Nina Wish yenye bima kubwa. Kila asubuhi nawapeleka wanangu shule, na majirani wawili wameniomba niwachukue watoto wao kwa malipo ya kila mwezi. Kuna ubaya gani? — Baba wa Tabata

JIBU: Ubaya upo, ndugu yangu, na utauona siku ya ajali. Bima yako imeandikwa kwa matumizi binafsi, na ukipokea malipo kwa kubeba abiria umebadilisha matumizi, hivyo kampuni ina haki ya kukataa dai, huku watoto wa watu wakiwa hospitali. Kubeba wanafunzi kwa malipo ni biashara inayohitaji leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na bima ya kibiashara. Kumsaidia jirani bila malipo, kila mtoto akiwa na siti yake na mkanda wake, ni jambo jingine, nami nakutia moyo ulifanye.

SWALI: Hujambo mhariri? Tunaishi Mombasa na tungependa kuwapeleka watoto Tanga kwa gari letu likizo ijayo. Bima yetu ya Kenya itatosha tukivuka Horohoro? — Msomaji, Likoni

JIBU: Sijambo, na karibuni sana Tanga. Bima yenu peke yake haitatosha, kwa hiyo ombeni kampuni yenu iwape Kadi ya Njano ya COMESA kabla ya safari. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imeendelea kuwa katika mpango huo wa kadi, kwa hiyo inatambulika huku. Kadi hiyo hushughulikia madhara mtakayowasababishia wengine pamoja na matibabu ya waliomo garini, ila uharibifu wa gari lenu lenyewe haumo. Kama mna bima kubwa, ombeni kampuni iandike kwa maandishi kwamba inaendelea kufanya kazi Tanzania; neno la mdomo la wakala halitawasaidia mkiwa kituo cha polisi cha ugenini.

Mchukue logibuku halisi, na kama gari si la jina lako, barua ya mwenyewe. Forodhani mtapewa kibali cha muda cha kuingiza gari. Hakikisheni mna pembetatu za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto ambao haujapita muda wake. Kutoka Horohoro hadi Tanga ni lami ya kilomita takriban 60, na Mapango ya Amboni mtayakuta kabla ya kufika mjini, kwa hiyo yatembeleeni mkiwa njiani, watoto wakiwa wamevaa viatu vya kufunika vidole. Penye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa na askari wenye tochi wapo. Mkikosea, faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, nayo hulipwa kwa namba ya kumbukumbu, kamwe si mkononi.

SWALI: Wanangu wana miaka minne na saba, na wamenisihi niwapeleke Mikumi. Rafiki yangu anasema Dar mpaka Mikumi mtu huenda na kurudi siku moja. Inawezekana? — Mama Kigamboni

JIBU: Kwa dereva aliye peke yake inawezekana. Kwa mtoto wa miaka minne siipendekezi hata kidogo. Mikumi iko karibu kilomita 300 kutoka Dar, na ukiondoa foleni ya Kimara, Kibaha na Chalinze utakuwa umekaa kwenye usukani saa tano au zaidi kwa upande mmoja. Maana yake ni kwamba mtarudi usiku, mkiwa mmechoka, kwenye barabara ya malori, na sehemu ya kwanza ya safari hiyo ya usiku itakuwa ndani ya hifadhi yenyewe, ambamo barabara kuu hupita kwa takriban kilomita 50. Wanyama huvuka hapo bila kungoja mtu. Kuna ubao unaoorodhesha faini ya kila mnyama anayegongwa, na faini ya twiga au tembo ni fedha ambayo familia nyingi hazina.

Laleni Morogoro, au Mikumi mjini. Ondokeni Dar Ijumaa mchana, muingie hifadhini Jumamosi lango linapofunguliwa, kwa maana saa za mwanzo za asubuhi ndizo ambazo wanyama huonekana vizuri, na Jumapili mrudi mchana kweupe. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni, hivyo gharama kubwa itakuwa mafuta na malazi.

Mpaka mtakapojipanga kwa safari hiyo, waanzishe na Bagamoyo. Ni kilomita kama 70, mtoto hajachoka mmeshafika. Nendeni kwanza Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kabla jua halijawa kali: kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na mbuyu ambao watoto wako wakiushika mikono pamoja nawe hamtauzunguka. Kisha mji wenyewe, na misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mwenye miaka saba atauliza maswali mpaka Mapinga wakati wa kurudi.

Jambo la mwisho kuhusu siti. Wa miaka minne afungwe kwenye kiti cha mtoto, siti ya nyuma. Wa miaka saba akalie kiti cha kumwinua, ili mkanda upite begani badala ya shingoni. Mkanda unaopita shingoni humfanya mtoto auweke nyuma ya mgongo, na hapo ni sawa na kutokuwa nao. Ukinunua kiti cha mtumba, kikague kama kina ufa kwenye plastiki na kama kifungo chake kinalia unapokibana, kisha kijaribu garini siku moja kabla ya safari. Kifunge, ukishike pale mkanda wa gari unapopita, na ukitikise kwa nguvu: kikisogea zaidi ya upana wa vidole viwili, anza upya.