Feni nne, vichwa vitatu tofauti, na kelele ya kutwa nzima

SWALI (msomaji wa Katuba, Lubumbashi): Jambo yaya. Niko na kasekretariati kadogo huku Katuba, fotokopi na kuandikia watu barua. Kompyuta nimeiunganisha mwenyewe na vipande vya huku na kule, sasa kasha iko na feni tatu: moja ya pini tatu, moja ya pini nne, na moja kubwa ya kichwa cha Molex inakula moto moja kwa moja ku alimantasio, lile sanduku la ndani linalogawa umeme. Ya nne ni ya prosesa, ile haina shida. Ku madabodi (kile kibao kikubwa vipande vyote vinachomekwa) nafasi ya feni za kasha iko moja tu, ya pini nne, imeandikwa CHA_FAN. Kelele iko kama mashine ya kusaga unga, mteja akinisomea barua yake lazima arudilie. Mmoja ananiambia nifunge zote ku ile nafasi moja, mwingine ananiambia ninunue hub, kale kaboksi ka kuchomeka feni nyingi pamoja, mwingine ananipa ujanja wa volti 7. Nimsikilize nani?

JIBU: Jambo mdogo wangu. Asante kwa kuandika kila kitu wazi, wengi wananiandikia tu "feni inapiga kelele" na hapo mtu hawezi kusaidia.

Kabla ya vichwa, fungua kasha uangalie vumbi. Sisi wa Lubumbashi tunajua ile vumbi nyekundu ya kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka mvua irudi, inaingia mpaka ndani ya kabati. Feni yenye vumbi ku mapanga inatetemeka, na prosesa yenye vumbi inapata joto kwa hiyo madabodi inazungusha feni zaidi, basi unapunguza mwendo bure. Piga brashi kavu, na ukipuliza na hewa ya kompresa shika mapanga na kidole yasizunguke, maana feni ikizungushwa kwa nguvu hivyo beringi yake inaumia.

Sasa vichwa. Umbo la plastiki lisikuchanganye, angalia waya zinafanya kazi gani. Pini ya 1 ni nega, ya 2 ni volti 12, ya 3 ni waya ya kuhesabu mizunguko (feni inatuma mapigo mawili kila ikizunguka mara moja), na ya 4, kama iko, ni ya amri, ile wanaita PWM. Kwa hiyo feni ya pini tatu ni ileile ya pini nne ila haina sikio la kusikia amri. Na Molex ya alimantasio ni umeme mtupu: njano volti 12, nyekundu volti 5, nyeusi mbili nega, hakuna kuhesabu hakuna amri. Rangi nazo zinadanganya sana! Ku feni nyingi za pini tatu njano ni waya ya kuhesabu, ku feni za pini nne njano ni volti 12, na siku hizi feni nyingi waya zote ni nyeusi, kwa hiyo hesabu nafasi ya pini, usihesabu rangi.

Hapo ndo jibu lako lilipo. Kuna njia mbili za kupunguza mwendo wa feni. Ya kwanza ni kushusha volti, kutoka 12 kwenda 9, 7, na kadhalika, madabodi inaita DC. Ya pili ni kuacha volti 12 pale pale na kutuma amri ku pini ya nne, mapigo ya kilohezi 25, na feni yenyewe inajipunguza. Hii ya pili ni nzuri kuliko ile ya kwanza lakini inasikiwa na feni ya pini nne peke yake. Volti ukishusha, feni zote zinasikia, hata ile ya Molex. Wewe uko na mchanganyiko, basi tumia volti.

Ingia ku BIOS, yaani mipangilio ya madabodi yenyewe (Del au F2 ukiwasha), tafuta ukurasa wa feni, ku ASUS unaitwa Q-Fan, ku Gigabyte Smart Fan, halafu CHA_FAN itoe ku PWM au Auto uiweke DC. Wengi hapa ndo wanakwama: wanachomeka feni ya pini tatu ku nafasi ya pini nne, inaingia vizuri kabisa maana kile kibao cha plastiki kinailinganisha na pini tatu za kwanza, lakini nafasi iko PWM, volti 12 zinatoka zote, feni inakimbia mpaka mwisho na mtu anasema feni ni mbovu. Feni si mbovu. Ila kuna madabodi za zamani nafasi yake ya pini nne haijui DC kabisa, ukibadilisha na mwendo haubadiliki ujue ni hiyo.

Yule aliyekuambia ufunge zote ku nafasi moja hakukosea, ila hakukuambia upige hesabu. Nafasi moja ku madabodi nyingi inatoa ampea 1, yaani wati 12. Soma kibandiko cha kila feni: kama moja ni 0.15, nyingine 0.20, na ile kubwa 0.30, jumla 0.65, uko salama. Ikikaribia 1 acha, maana feni ikianza kuzunguka inavuta zaidi kuliko ile iliyoandikwa. Nishaletewa madabodi ya mtu aliyefunga feni tano za zamani pamoja, nafasi yake ilikuwa imeungua, na hakuna feni hata moja iliyokuwa imekufa. Iliniuma, maana hiyo madabodi ndo ilikuwa inalisha nyumba yake.

Nunua waya ya kugawa, moja kwenda tatu. Utaona kichwa kimoja tu kiko na waya ya kuhesabu, ndivyo inavyotakiwa, ukiunganisha mbili pamoja madabodi inasoma namba za ajabu. Feni yako ya Molex kata kichwa, ulehemu cha pini tatu: waya iliyokuwa inakutana na njano ya alimantasio inaenda pini ya 2, iliyokuwa inakutana na nyeusi inaenda pini ya 1, pini ya 3 ibaki tupu. Funika na tepu vizuri. Na kama feni iko na vichwa viwili, Molex na pini tatu, usichomeke vyote kwa pamoja hata kidogo, utakuwa unasukuma umeme wa alimantasio ndani ya madabodi.

Hub ni kitu kizuri, lakini si kwako leo. Hub nyingi zinachukua volti 12 ku waya ya SATA ya alimantasio na kupeleka amri ya PWM tu, kwa hiyo feni yako ya pini tatu na ya Molex zitaendelea kupiga kelele ileile na pesa imeenda. Siku utakapokuwa na feni zote za pini nne, hapo nunua.

Volti 7 sasa. Wanaweka feni kati ya njano na nyekundu, 12 kutoa 5, inabaki 7. Inafanya kazi, sikatai, lakini umeme wa feni unarudi ku mstari wa volti 5 wa alimantasio, ambao haukutengenezwa kupokea, na feni ikipiga shoti zile volti 12 zinaingia mahali diski zako zinakula. Kazi za wateja ziko humo. Kama hutaki kukata kichwa, ipe ile feni volti 5 za kawaida, nyekundu na nyeusi, hiyo ni salama, ila ujaribu kwanza kama inaanza.

Na hili la kuanza ulishike, kwa sababu ya umeme wetu. Feni inahitaji volti nyingi kidogo kuanza kuliko kuendelea. Ukishusha mpaka inazunguka polepole utafurahi, halafu umeme ukatike, urudi, feni ibaki imesimama na wewe uko unahudumia mtu. Kwa hiyo shusha mpaka isimame, panda kidogo, zima kabisa, washa tena mara tatu nne. Mimi ningeanza na asilimia 50 mpaka prosesa ifike digrii 50, halafu ipande mpaka 100 ku digrii 75. Na mwezi wa kumi uangalie tena, maana mpango wa baridi ya mwezi wa saba hautoshi ku joto lile.

SWALI (dada wa Kamalondo): Feni yangu mpya iko na vichwa viwili, kimoja cha taa, kiko na matundu matatu. Kinaingia ku nafasi ya taa ya pini nne. Niwashe?

JIBU: Usiwashe dada! Kichwa cha taa chenye matundu matatu na pengo la moja ni cha volti 5, ile nafasi ya pini nne ni ya volti 12, taa zitakufa palepale. Angalia ku madabodi kama imeandikwa 5V pembeni ya pini tatu zenye pengo. Kama haiko, chomeka kichwa cha feni peke yake, hewa itapita vilevile bila taa.

SWALI (Kampemba): Nina Dell ya mtumba kutoka Ulaya, feni iko na kichwa cha pini tano, naweza kuweka feni ya kawaida?

JIBU: Bila adapta, hapana. Dell mpangilio wake wa waya ni wake mwenyewe, ukilazimisha unaweza kupeleka volti 12 ku waya ya kuhesabu. Tafuta adapta ya pini tano kwenda nne ya modeli yako, na ukikuta mashine inalalamika ikiwaka na kuomba F1, ujue haisomi mizunguko ya feni, rudi uangalie waya ya kuhesabu.