Matela mawili nyuma ya pikapu: tela la katikati ndilo la kuchunguzwa

Mtu anayetaka kwenda ziwani na nyumba yake ya magurudumu, na boti nayo ifuate nyuma, kwa kawaida huuliza kwanza kama pikapu yake itaweza. Pikapu kubwa za Marekani huweza. Kinachoharibu safari ni tela la kwanza, ambalo liliundwa likokotwe na sasa unalitaka likokote. Fremu yake, waya zake, ekseli zake na hata bampa yake havikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo ukaguzi mwingi ufanyike hapo katikati.

Tuanze na sheria, maana ikikukataa huna haja ya kununua hata bolti moja. Marekani suala hili limeachiwa majimbo, na kila jimbo lina lake. Kwa ujumla majimbo mengi ya magharibi na ya kati huruhusu, na mengi ya pwani ya mashariki hukataa. Panaporuhusiwa, mara nyingi kuna sharti kwamba tela la kwanza liwe la kingipini, yaani lile linaloketi ndani ya bodi ya pikapu, pini yake ikishikwa na taya za sahani iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma. Sharti hilo lina maana: uzito ukikaa juu ya ekseli, tela halina nafasi ya kuusukuma mkia wa gari kushoto na kulia. Tela la kwanza likiwa la kufungwa kwenye tufe nyuma ya bampa, kisha lifuatwe na la pili, hata pale ambapo sheria haikatazi, ushauri wetu ni usifanye.

Leseni nayo iangalie mapema. California, leseni ya kawaida ya daraja C haikuruhusu kukokota zaidi ya chombo kimoja. Matela mawili yanahitaji daraja A, na ipo ya aina isiyo ya kibiashara. Michigan huongezwa alama ya R kwenye leseni baada ya mtihani. Ukifanya biashara, kanuni za shirikisho zinaingia: jumla ya uzito ulioidhinishwa ikifika paundi 26,001 na kinachokokotwa kikizidi paundi 10,000, unahitaji leseni ya udereva wa kibiashara.

Halafu urefu. California kikomo ni futi 65 kwa msafara mzima, kuanzia ncha ya bampa ya mbele hadi ncha ya mwisho kabisa nyuma, na injini ya boti inayochungulia nje inahesabiwa. Piga hesabu: pikapu ya milango minne yenye bodi ndefu ni kama futi 22. Tela la kingipini la futi 30 linaingia juu ya bodi kwa futi 5 hivi, kwa hiyo mko 47. Weka boti na tela lake la futi 20, mmefika 67. Umeshavunja sheria kabla ya kuwasha gari. Usitegemee namba ya kwenye kijitabu cha tela, maana baadhi ya majina ya modeli hayalingani na urefu halisi. Funga kila kitu, nyoosha msafara, pima kwa futikamba.

Ukitaka uhakika, uliza kitengo cha polisi wa barabara kuu kinachoshughulikia malori. Askari wa kawaida wa mjini huenda hajawahi kukutana na swali hili. Chapisha kifungu cha sheria cha kila jimbo utakalopita, kikae ndani ya gari. Mpigie pia simu wakala wa bima, umweleze wazi kwamba ni matela mawili kwa mpigo, na jibu lake likuje kwa maandishi.

Sasa uzito. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinakuambia mzigo ambao pikapu inaweza kubeba mgongoni, na kijitabu chake kinakuambia jumla ya msafara mzima. Tuseme msafara umeruhusiwa kilo 10,400 na pikapu yenye mafuta, watu na vifaa ina kilo 3,600. Zimebaki 6,800 za matela yote mawili. Tela la kwanza kilo 5,000, la pili 1,200, jumla 6,200. Hapo wengi hufunga daftari, lakini hesabu ya tela la katikati bado.

Tela la kingipini hutakiwa kuweka asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake kwenye pini. Tela la kufungwa kwenye tufe huweka asilimia 10 hadi 15 kwenye ulimi wake, yaani ule mkono wa mbele unaoshika tufe. Ulimi wa tela la pili unakalia mkia wa tela la kwanza, nyuma ya ekseli zake, na hapo inafanya kazi kama bembea ya ubao ya watoto: ukikandamiza nyuma, mbele inainuka. Chukua umbali kutoka tufe hadi katikati ya ekseli, tuseme mita 3, ugawe kwa umbali kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye pini, tuseme mita 7. Zidisha kwa uzito wa ulimi, kilo 140. Unapata 60. Hizo ni kilo zinazoondoka kwenye pini. Ekseli za tela la kwanza hazibebi 140 tu, zinabeba 140 na zile 60, yaani 200.

Kama pini ilikuwa na kilo 1,000, inabaki 940, na hakuna neno. Lakini kama tela lilipakiwa vibaya, matangi ya maji machafu yamejaa nyuma na pini ilikuwa na 750 tu, sasa ina 690. Umeshuka chini ya asilimia 15 na tela litaanza kutikisa mkia. Hakikisha pia kwamba zile kilo 200 hazipitishi ekseli na tairi kiwango kilichoandikwa. Pitia kwenye mizani ya malori mara mbili, kwanza ukiwa na tela moja, kisha ukiwa na yote mawili, na ulinganishe uzito wa kila ekseli. Makisio ya macho yameua tairi nyingi.

Bampa ya nyuma ya nyumba ya magurudumu isikudanganye. Mara nyingi ni bomba la pembe nne la bati jembamba ambalo ndani yake watu huficha mpira wa maji taka, na limeshikwa na weldi fupi mwishoni mwa fremu. Ukifunga tela hapo, weldi itapasuka taratibu kwa mitikisiko mpaka siku bampa nzima ing'oke. Kinachotakiwa ni mhimili wa kukokotea uliofungwa kwenye vyuma vikuu viwili vya fremu, kwa bolti au kwa weldi ya fundi anayejua chuma chembamba cha matela, wenye kiwango kilichogongwa muhuri. Muulize kwanza mtengenezaji wa tela kama fremu inaruhusu. Baadhi hufuta dhamana ukitoboa.

Tufe nalo lina saizi zake: inchi 1 na 7/8, inchi 2, na inchi 2 na 5/16, na juu yake limegongwa uzito linaoweza. Kosa la hatari ni kuweka kikombe (kile cha mwisho wa ulimi kinachofunika tufe) cha 2 na 5/16 juu ya tufe la inchi 2. Kikombe kitakaa, komeo litafunga, utaondoka vizuri, na kwenye tuta la kwanza kubwa kitaruka. Ili kujua kama kimeshika kweli, funga komeo, weka pini yake, kisha zungusha jeki ya ulimi kama unayetaka kuliinua. Mkia wa tela la mbele ukiinuka pamoja nalo, kimeshika. Kikombe kikipanda peke yake, umejiokoa. Minyororo ipite msalaba chini ya ulimi, ili ukidondoka uangukie juu yake, usichimbe lami. Iwe mirefu kiasi cha kuruhusu kona na isiburuze.

Angalia pia nafasi kati ya matela. Ngazi ya nyuma ya nyumba ya magurudumu, tairi ya akiba na kabati la nyuma hugongana na pua ya boti kwenye kona kali. Kata kona taratibu uwanjani huku mtu mwingine akitazama. Kama pengo halitoshi, refusha ulimi wa tela la pili, na ukumbuke kupima urefu wote tena.

Umeme ndio unaotesa watu. Plagi bapa ya pini nne ina rangi zinazojulikana: nyeupe ni ardhi (njia ya umeme kurudi), kahawia ni taa za nyuma, njano ni kushoto, kijani ni kulia. Ukiona taa zote za nyuma zinapepesa hafifu kila unapowasha indiketa, usiguse balbu. Ardhi imekatika na umeme unarudi kupitia tufe lenye grisi. Vuta waya mweupe hadi kwenye chuma kisafi cha fremu. Taa za matela mawili za balbu za zamani zinaweza kuunguza fyuzi ya pikapu, kwa hiyo badilisha ziwe za LED, au weka relei inayochukua umeme wake moja kwa moja kwenye betri.

Breki zinataka kufikiriwa zaidi. Kwa breki za umeme, kidhibiti kilicho ndani ya pikapu hutuma volti zilezile kwenye kila sumaku ya kukazia breki iliyounganishwa. Kila sumaku ya breki hula karibu ampea 3. Tela la ekseli mbili lina sumaku nne, ampea 12. Ukiongeza la pili lenye ekseli moja, mnafika 18, na waya mwembamba wa mita 15 utapoteza volti njiani. Lakini tatizo kubwa ni jingine. Volti zinazotosha kulisimamisha tela la tani 5 zitafunga kabisa magurudumu ya kitela chepesi cha nyuma. Magurudumu yaliyofunga hayashiki njia, kitela kitateleza na kukupita ubavuni. Ndiyo maana kwa tela la pili tunapendelea breki za msukumo, zile za haidroliki ambazo ulimi ukibanwa mbele zinajifunga zenyewe. Zinajibu uzito wa tela lake tu, wala hazihitaji waya wa kidhibiti. Kama yote mawili ni ya umeme, la pili lipate kidhibiti chake.

Kila tela lenye breki za umeme liwe na swichi ya dharura yenye kamba na betri yake, inayofunga breki tela likichomoka. Kamba ya tela la pili ifungwe kwenye fremu ya la kwanza, isifungwe kwenye mnyororo wala kwenye tufe, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vinavyoachia pamoja. Kuijaribu, chomoa plagi ya umeme, vuta pini, sogeza gari kidogo: magurudumu yaburuze. Rudisha pini mara moja, isije ikamaliza betri. Na fahamu kwamba likichomoka tela la kwanza, la pili lenye breki za umeme halitajua. Kamba yake bado imeshikana na fremu na litaendelea kulisukuma la kwanza. Kwa hiyo taya za kingipini zikague mara mbili kwa tochi. Zikiwa zimefunga, hutaona mwanya wowote kati ya sahani ya juu na ya chini, na taya zimekumbatia shingo ya pini, si kichwa chake.

Tairi za matela zijaze upepo zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni. Baadhi zimeundwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, na ni vizuri huo ndio uwe mwisho wako hata kama kibao kinaruhusu zaidi. Namba nne za mwisho wa msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikikaribia miaka sita zibadilishe hata kama kashata bado ni nene. Nati za magurudumu zikaze tena kwa spana ya kipimo baada ya maili 10, 25 na 50 tangu gurudumu lilipotolewa.

Barabarani, kumbuka kwamba mtikisiko mdogo wa usukani hukua kadiri unavyoelekea nyuma. Tela la pili lipakiwe asilimia 60 ya mzigo mbele ya ekseli, na likae sawa au pua ishuke kidogo. Likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kupigana nao, na sukuma taratibu kitufe cha mkono cha kidhibiti ili breki za matela zivute msafara unyooke. Ukikanyaga breki ya gari kwa nguvu, pikapu inasimama na matela yanaendelea. Kuongeza mwendo ili kulivuta linyooke, kama wengine wanavyoshauri, kunaweza kukuua. Mteremkoni shuka na gia ndogo tangu juu, kabla breki hazijapata moto.

Rivasi haipo. Una viungo viwili vinavyojikunja, na baada ya mita moja au mbili tela la pili litaenda linakotaka. Chagua vituo vya mafuta vyenye njia ya kuingia upande mmoja na kutokea mwingine, na kambi zenye viwanja vya kupita moja kwa moja. Ukiwa kwenye kona ya kituo, mkia wa nyumba hutoka upande wa pili wa kona na kuusukuma ulimi wa boti nje, karibu na nguzo za pampu, kwa hiyo nenda mbele zaidi ya ulivyozoea ndipo ukate. Ukikwama, weka vizuizi kwenye magurudumu ya tela la pili, lifungue, lisogeze, kisha uanze upya. Dakika ishirini tu.

Fanya majaribio siku ya mapumziko kwenye uwanja mtupu, tela la pili likiwa halina mzigo, na kioo cha pembeni kimerefushwa mpaka uone tairi lake la nyuma. Hata hivyo, boti iliyofichwa nyuma ya nyumba mara nyingi huwa haionekani, hivyo kamera yenye waya mkiani mwa tela la kwanza, ikiangalia tufe, ni pesa iliyotumika vizuri.