Ngoja kitochi kilie

Wadogo zangu mnaoanza chuo huku mkiishi kwa ndugu, niwaambie jambo nililochelewa kulijua. Mwaka wa tatu nilikuwa na andiko la utafiti, nikawa nasubiri siku yenye nafasi ndipo nilianze. Asubuhi vyombo, mchana vipindi, jioni sokoni na jikoni, usiku usingizi. Wiki 6 zikapita nikiwa na kichwa cha habari na aya moja.

Kilichonikwamua ni dakika 25. Utaratibu huu aliuanzisha Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alipimia muda kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, ndiyo maana ukaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Unashika kazi moja kwa dakika 25, kengele ikilia unapumzika 5. Baada ya awamu 4 unapumzika zaidi, dakika 15 hadi 30. Kuyakariri hayo ni rahisi.

Kazi ipo kwenye kuikata kazi vipande vidogo. "Kuandika sura ya pili" haiingii kwenye dakika 25. Utaikodolea macho mpaka kengele ilie. Kabla sijawasha saa naandika kwenye karatasi: kusoma kurasa 4 za makala ile, kisha kuandika sentensi 3 kwa maneno yangu. Nikishindwa kutaja nitakachokuwa nimekipata kengele ikilia, najua bado sijawa tayari kuanza. Msiyaonee uchoyo maandalizi haya hata yakila dakika 5 nzima. Awamu zangu nyingi zilizopotea, zilipotelea hapo.

Halafu simu. Mwanzoni nilitegesha muda kwenye simu kubwa, na kila nikichungulia zimebaki dakika ngapi nakutana na ujumbe wa kundi la darasa. Nikamwomba shangazi kitochi chake cha zamani kikawa saa yangu, simu kubwa nikaiacha sebuleni. Wazo likinijia katikati, labda kuna mtu wa kumpigia au karo ya kulipia, naliandika pembeni ya karatasi naendelea. Likishaandikwa halinisumbui tena.

Kazi za nyumbani nilikuwa nazihesabu kuwa adui wa masomo, na nilikosea. Nguo zikiwa zimelowekwa, hiyo ni awamu moja. Maharage yakiwa kwenye mkaa ni awamu mbili, wakati mwingine tatu, na mapumziko yangu ni kwenda kuongeza maji na kuangalia moto. Mgongo unanyooka, macho yanaachana na karatasi. Mapumziko ya kujilaza na simu hayakuwahi kunipumzisha, na dakika 5 zake hazikuwa 5. Wali siuchanganyi na kusoma, maana unataka mtu karibu.

Hata chumba kilichovurugika nakipa dakika 25 tu, kengele ikilia naacha palipofikia. Kwa hesabu ngumu dakika 25 zilikuwa chache kwangu, nikawa napiga 40. Pimeni wenyewe.

Sasa la watu wa nyumbani, ambalo naona ndilo kubwa. Shangazi alidhani najifungia kukwepa kazi, na kwa alivyokuwa akiniona, alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Nikamwonyesha karatasi yangu: "Shangazi, naomba dakika 25, kitochi kikilia natoka." Kilipolia nikatoka, japo sentensi ilikuwa katikati. Kesho yake vivyo hivyo. Sentensi ile niliyoikatiza ikawa mahali rahisi pa kuanzia niliporudi.

Haikufika wiki mbili, siku moja wadogo zangu wa pale nyumbani wakawa wanagonga mlango wakitaka niwasaidie kazi ya shule. Nikamsikia shangazi kutoka uani: "Mwacheni dada yenu, hakijalia."