Kabla ya kuchagua mbegu na mbolea ya mpunga, jiulize haya

Swali ninaloulizwa sana msimu unapokaribia ni hili: mbegu gani inazaa kuliko zote? Siku hizi silijibu. Kwanza namuuliza mwenzangu maji ya shamba lake hukatika lini, mpunga atamuuzia nani, na shamba ni lake au amekodi. Akishanijibu hayo, mbegu na mbolea huwa zimekaribia kujichagua zenyewe.

Wataalamu wakija shambani huzungumzia magunia kwa ekari. Sawa, lakini sisi wenye majaruba machache (vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ya kushika maji) hatupangi kwa kutazama mwaka mzuri. Tunatazama mwaka mbaya: mambo yakiharibika, nitabaki na nini? Ndiyo maana utamkuta mtu ana mbegu mpya ndani na bado kipande kimoja anapanda ile ya asili. Usimcheke. Inazaa kidogo, ila tabia yake anaijua.

Tuanze na maji. Mbegu ya siku 120 na ya siku 150 zinaachana mwezi mzima, na huenda mwezi huo ndio mfereji unapokauka. Mpunga ukikosa maji wakati wa kubeba mimba na kuchanua, unavuna mapepe, yaani maganda matupu, hata kama ulimwaga mbolea ya kutosha. Walio mabondeni wana shida ya kinyume, mafuriko. Kwao zipo mbegu zenye jeni ya Sub1, kama Swarna-Sub1 iliyoidhinishwa India mwaka 2009, ambazo huweza kuvumilia kufunikwa na maji kwa takriban wiki mbili.

Halafu mnunuzi. Mbegu ya IR8, iliyotolewa Ufilipino mwaka 1966, ilikuwa fupi, haikulala kwa urahisi hata ikipewa mbolea nyingi, na ilizaa ajabu. Walaji hawakuipenda: punje zilikuwa na weupe kama chaki, zilikatika sana wakati wa kukoboa, na wali ukipoa ulikuwa mgumu. Kwa hiyo mbegu mpya ikifika kijijini, usiwaulize walioilima peke yao. Muulize mwenye mashine ya kukoboa inatoa chenga kiasi gani, kisha upike kidogo uonje. Dalali atakukata bei kwa mambo hayo hayo.

Kuhusu kuweka mbegu yako mwenyewe, sioni aibu yoyote. Mpunga hujichavusha, hivyo mbegu ya kawaida unaweza kuirudia misimu kadhaa ukichagua masuke mazuri na kung'oa mimea isiyofanana na mingine. Chotara, yaani mbegu iliyotokana na kuchanganya aina mbili, usiirudie, kizazi cha pili hakitoki sawa. Jaribu uotaji kabla ya kwenda kitaluni: weka punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, uhesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, tafuta mbegu nyingine.

Mbolea ina mambo zaidi, na hapa ndipo watu hulaumiwa bure. Tunaambiwa tunapenda urea tu. Ni kweli, na sababu zipo. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni, na ndani ya siku chache shamba linabadilika kuwa kijani kibichi. Unaona pesa yako ilipokwenda. Fosforasi iliyomo kwenye DAP, mbolea ya kupandia, kazi yake kubwa ni mizizini na kwenye machipukizi ya mwanzo, haina mbwembwe, na sehemu yake hubaki ardhini kwa misimu inayofuata. Aliyekodi msimu mmoja anajua kwamba akiiweka, atakayefaidi baadaye ni mwingine. Samadi ni hivyo hivyo. Ushauri wangu kwa mpangaji: omba mkataba wa misimu mitatu, au mwenye shamba achangie mbolea ya kupandia. Wengine hukubali, kwani ardhi ni yao.

Jambo lingine ni pesa kuchelewa. Mbolea ya mkopo mara nyingi hufika mpunga umeshachanua, na wakati huo urea haikusaidii kitu cha maana. Nunua walau mfuko mmoja ukishauza mavuno, uuhifadhi pakavu juu ya mbao, umefungwa vizuri, maana urea hufyonza unyevu na kuganda.

Ukiwa na mfuko huo mmoja, usiumwage wote siku moja. Gawa: nusu mpunga unapotoa machipukizi, nusu masuke yanapoanza kujitengeneza ndani ya shina. Palilia kwanza, la sivyo unalisha magugu. Punguza maji jarubani, tia mbolea, kisha rudisha maji baada ya siku mbili tatu. Urea ikikaa juu ya maji kwenye jua kali, sehemu yake nzuri hupaa hewani. Na kama umepanda mbegu ndefu ya asili, punguza kiasi, kwa sababu nitrojeni ikizidi huulaza mpunga na kukaribisha blasti, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani na masuke.

Miche ikidumaa na majani kutoa madoa ya kutu wiki chache baada ya kupandikiza, usikimbilie kuongeza urea. Katika mashamba yanayotuama maji muda mrefu, mara nyingi kinachokosekana ni madini ya zinki. Kausha jaruba kidogo, na umwonyeshe bwana shamba majani hayo kabla hujatoa pesa mfukoni.