Ukimaliza Tokyo Marathon, Kyoto Isubiri

Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni pale Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa, simu yangu haipumui. Kila mtu wa jogging sasa anataka Tokyo. Wiki hii dada mmoja wa Arusha aliyepata nafasi ya mbio za Machi kaniandikia: "Kaka, nitabaki na siku tatu baada ya mbio. Nikate ile tiketi ya treni ya wiki nzima nizunguke Kyoto, Nara na Osaka?"

Hapana, dada yangu. Nenda Hakone, mji wa milimani wenye chemchemi za maji moto karibu na Tokyo, ulale huko, urudi. Najua utanuna. Wenzangu wa klabu walinuna pia nilipojitenga na msafara wao wa Kyoto, na mpaka leo kwenye grupu letu la WhatsApp naitwa "mzee wa kuoga", eti nimevuka bahari kwenda kukaa kwenye maji ya moto. Imeniuma, sifichi. Basi leo nijieleze.

Tuanze na hela. Tiketi ya wiki ya Japan Rail ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwenda na kurudi Kyoto kwa treni ya kasi ni kama yeni 28,000. Piga hesabu mwenyewe. Ile tiketi ni ya mtu anayezunguka nchi nzima, wewe una siku tatu na miguu ambayo haikutaki.

Miguu ndiyo kesi yenyewe. Jumatatu baada ya mbio nilishuka ngazi za stesheni ya Shinjuku kinyumenyume, mikono miwili kwenye chuma, vijana wa ofisini wakinipita kulia na kushoto bila hata kunitazama. Kwa hali hiyo ndiyo unataka hekalu la Fushimi Inari la Kyoto? Yale malango mekundu unayoyaona Instagram yamepandishwa mlimani, mita 233. Nikko, mji wa kaskazini mwa Tokyo, nako kuna kaburi la Tokugawa Ieyasu, mtawala wa kale wa Japani, ngazi 207 za mawe. Ukisema basi utabaki Tokyo uone makumbusho, kumbuka mbio ni Jumapili, na makumbusho mengi ya serikali hufungwa Jumatatu.

Hakone unapanda treni ya Odakyu hapohapo Shinjuku. Ile yenye viti vya kuwekewa, wanayoiita Romancecar, haimalizi saa moja na nusu kufika Hakone-Yumoto. Lipia kiti mapema. Usiniambie utasimama, hutasimama.

Lakini sikwenda kwa ajili ya ukaribu. Nilikwenda kwa sababu mimi ni mkimbiaji, na Hakone ndiko yanakoishia maombi ya wakimbiaji wa Japani. Kila tarehe 2 na 3 Januari vyuo vikuu hukimbia Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za kilomita 217.1, watu kumi kila timu, kutoka Otemachi hadi ziwa Ashi huko Hakone na kurudi. Otemachi ni jirani kabisa na pale unapovishwa medali yako mbele ya stesheni ya Tokyo. Hawapokezani kijiti, wanapokezana tasuki, mkanda wa kitambaa wanaouvaa begani. Timu ikichelewa kupita muda uliowekwa, mwenzako anaanza na mkanda mwingine, na ule wa chuo chenu unabaki mikononi mwako. Nimeona kwenye televisheni vijana wazima wakianguka chini na kulia kwa sababu hiyo, na mimi niliyebanwa na msuli kilomita ya 35 nikaiona ndoto yangu ya kumaliza ndani ya saa nne ikiondoka, nilielewa kilio kile bila mkalimani.

Mbio hizi zilianza 1920, na mmoja wa waasisi ni Shizo Kanakuri, yule aliyeishiwa nguvu kwa joto katika marathoni ya Olimpiki ya Stockholm 1912, akaondoka bila kuwaarifu waamuzi. Mwaka 1967 Waswidi walimwalika arudi kumaliza. Akamaliza: miaka 54, miezi 8 na siku kadhaa. Na sisi tumo humo. Mwaka 1989 Mkenya Joseph Otwori wa chuo cha Yamanashi Gakuin alikimbia Hakone, na tangu hapo Wakenya wamekuwa sehemu ya simulizi zake. Haya yote hutayasikia kwa mwongoza watalii wa Kyoto.

Kutoka Yumoto panda ile treni ndogo ya mlimani hadi Gora. Mwinuko ni mkali hadi treni inapanda kwa kwenda na kurudi: inasimama, dereva anashuka na kutembea hadi mwisho wa pili, kondakta naye anakuja upande huu, wanapishana, safari inaendelea kinyume. Mara tatu. Kaa karibu na dirisha uwaone. Pale Kowakidani reli inakatiza barabara ya ekiden, na siku ya mbio ni treni inayosimama kuwapisha wakimbiaji. Nchi gani nyingine treni inampisha mwanafunzi?

Mbele kuna vibanda vya kebo vinavyopita juu ya Owakudani, bonde la moshi wa salfa ambako mayai huchemshwa hadi ganda linakuwa jeusi. Wanasema ukila moja umeongeza miaka saba. Upepo au gesi ikizidi kebo husimamishwa, lakini kuna basi la abiria. Chini ni ziwa, na kando yake, pale kipande cha tano cha ekiden kinapoishia baada ya kupanda hadi mita 874, kuna makumbusho ya mbio hizo. Madogo. Nilikaa humo mpaka nikaona aibu.

Sasa kuoga. Onsen, yaani bafu la chemchemi ya maji moto, unaingia bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Unakaa kwanza kwenye kigoda unajisugua na kujisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia kwenye bwawa. Kitaulo usikichovye, kiweke kichwani. Mwenye tatuu aulize kwanza, sehemu nyingi zinakataa. Na wewe unayesema dini au malezi hayakuruhusu kuvua mbele ya watu, kama mimi, omba bafu la faragha, kashikiri, unalipia muda wako na kufunga mlango. Maji yalipofika kwenye mapaja nilitoa sauti ambayo sitaielezea hapa.

Ukiweka nafasi ryokan, nyumba ya wageni ya Kijapani, omba chumba chenye kitanda. Kulala kwenye godoro juu ya mikeka ya tatami ni kuzuri mpaka asubuhi utakapotakiwa kuinuka. Waambie mapema kama huli nguruwe wala pombe, maana sake huingia hadi kwenye mchuzi. Fika kabla ya chakula cha jioni, hawamsubiri mtu. Yukata, lile joho jepesi la kuvaa ndani, funga upande wa kushoto juu ya kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti.

Begi kubwa usilikokote. Mapokezi ya hoteli yako Tokyo watakutumia kwa takuhaibin, huduma ya kusafirisha mizigo, ulikute uendako kesho yake. Baki na kibegi, pasipoti na koti, Machi huko juu bado ni baridi kweli.

Na haya yapange sasa, dada, si ukifika. Ubalozi unataka ratiba ya siku zako zote kwenye maombi ya viza, pamoja na unapolala. Andika Hakone.