Kurudi Chuoni Ukiwa na Miaka Arobaini na Kazi Mkononi

Mtu wa miaka 40 na kitu anayetaka kurudi chuoni huanza kwa kukiogopa kichwa chake: kwamba hesabu zimesahaulika, kwamba vijana watamcheka, kwamba Kiingereza cha vitabuni kimemtoka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rungwe, nimesoma shahada ya ualimu nikiwa kazini, na kwa niliyoyaona, hofu hiyo ndiyo ya kwanza kuisha. Kinachowakwamisha wengi wa rika letu ni muda, kwa sababu muda wa mtu mzima una wenyewe: mwajiri, watoto, shamba, kikoba na ukoo. Kwa hiyo kabla hujalipa ada, nenda kauombe muda huo kwa wenyewe.

Anza na mwajiri. Mtumishi wa umma anatakiwa kuwa na ruhusa ya masomo ya maandishi, na barua yake ya kuiomba hupitia kwa mkuu wake wa kazi hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, hata kama masomo yenyewe ni ya masafa na hatakosa kipindi hata kimoja. Wapo wanaoiona barua hiyo kuwa urasimu mtupu, mpaka siku wanapoomba kubadilishiwa muundo, yaani kuwekwa kwenye ngazi ya mshahara inayolingana na elimu yao mpya, na kuulizwa ni nani aliyewaruhusu. Angalia pia kama fani unayoitaka inatambulika katika kada yako. Katika ngazi za mishahara ya walimu wa serikali (TGTS), mwalimu wa stashahada huanzia TGTS C na mwenye shahada ya ualimu huanzia TGTS D, lakini shahada isiyohusiana na kazi yako inaweza kukuacha palepale ulipo. Kusoma kwa mapenzi tu si dhambi, ila ujue mapema kwamba ni mapenzi.

Umri usikutishe. Kwa watumishi wengi, kustaafu kwa lazima ni miaka 60, hivyo anayehitimu akiwa na 45 bado ana miaka 15 ya kazi mbele yake, na pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara.

Kwa mwajiri barua inatosha, nyumbani haitoshi. Kwetu Rungwe msiba hauna mwaliko: ukisikia unakwenda, na ukienda unakaa. Ndiyo maana, kabla ya kujisajili, nilikwenda kwa mama mkwe, nikamwamkia na kumweleza nia yangu. Akaniuliza, “Sasa mwanangu, wanao wakisoma nawe ukisoma, nani atalima?” Lilikuwa swali la haki, na mimi na mume wangu tulilijibu kwa mpango: shamba la viazi tukalipunguza, palizi tukawaachia vibarua, na watoto wakubwa wakagawana zamu za jikoni. Baada ya hapo mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia ndugu kwamba mkamwana wake yuko kwenye mitihani, atakuja kuhani baadaye. Maneno hayo yakitoka kwa mzee wa ukoo hayana ubishi. Yakitoka kwako yanaonekana majivuno.

Mimi nilichagua Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kwa kuwa kina vituo mikoani, vikiwemo vya Mbeya, Iringa na Njombe, na masomo yake yanamruhusu mtu kubaki kituoni kwake kazini. Masomo ya jioni yanamfaa anayekaa mjini. Kwa mtu wa Tukuyu, huku kwetu Rungwe, kurudi usiku kila siku kutoka Mbeya ni adhabu. Saa yangu ilikuwa saa 10 alfajiri. Mwezi Juni baridi ya huku haina mzaha, nami nilikaa jikoni karibu na mafiga yenye makaa ya usiku, blanketi mabegani, taa ya sola ikimulika daftari, nikisoma hadi jogoo na watoto waamke. Ukurasa mmoja ulioeleweka wakati huo ulinifaa kuliko sura nzima ya saa 3 usiku. Vijana wa kundi letu la majadiliano walinipa shikamoo kwanza, kisha wakanifundisha takwimu bila huruma, nami nikakubali.

Kuhusu fedha, miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa waombaji wa shahada ya kwanza, kwa hiyo jipange kujilipia. Uliza kama ada inalipwa kwa awamu, kisha zilinganishe awamu hizo na mavuno yako au zamu yako ya mchezo wa kupeana fedha. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, usiiguse kabisa, kwa maana itakula hata ongezeko la mshahara ambalo bado hujalipata.

Matokeo yakitoka, usikae ukisubiri kuitwa. Peleka barua ya kuomba kubadilishiwa muundo mara tu upatapo cheti, ukiambatisha ile ruhusa ya masomo, kwa sababu mabadiliko hayo hutegemea bajeti na anayechelewa huenda akasubiri mwaka wa fedha unaofuata. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na uitunze nyumbani.